Kijana kapigwa kituoni, kakaa mahabusu siku nne, katoka bila shtaka: aanzie wapi kisheria?

Msaidizi_Buigiri

Mbukwenyi wakuu. Naomba muongozo kwa mawakili na wenye uzoefu humu, maana sisi wasaidizi wa kisheria wa kata mambo ya mirathi na ndoa tunayamudu, ila hili limenizidi kimo.

Mteja ni dereva bodaboda, miaka 24. Alikamatwa Jumanne jioni kwa tuhuma za wizi wa simu, akawekwa mahabusu hadi Jumamosi mchana. Anasema alipigwa rungu mapajani na kwenye nyayo akubali kosa, kisha akasaini karatasi ambazo hakusomewa. Alitoka kwa dhamana ya polisi na anaripoti kila Jumatatu. Hajafikishwa mahakamani mpaka leo, na sasa ni wiki ya tatu. Pikipiki imebaki kituoni na hakupewa karatasi yoyote inayoonyesha imeshikiliwa.

Alitibiwa zahanati ya binafsi bila PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu. Familia ilikwenda kuomba PF3 kituo kilekile, wakazungushwa. Kuna askari anawatumia ujumbe kwamba yaishe: wamlipie kijana matibabu naye asaini kuwa hana madai. Mama anataka kusaini, kaka mtu anataka mahakamani.

Kituo sikitaji, wala sihitaji mtu anipe pole. Naomba njia, mpangilio wake, na mahali watu wanapokwama.

---

Wakili_Nkuhungu

Ndugu yangu, kwanza mwambie mama asisaini chochote wiki hii. Karatasi ya "sina madai" ikishasainiwa, Wakili wa Serikali ataileta mahakamani kama kielelezo, na utatumia mwaka mzima kujaribu kuonyesha kwamba kijana alishinikizwa.

Njia zipo nne na hazizuiani zote: malalamiko ya kiutawala ndani ya Jeshi la Polisi, malalamiko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, jinai dhidi ya askari wenyewe, na madai ya fidia dhidi ya Serikali. Watu wengi huchukua ya kwanza, wanasubiri majibu miezi kumi na nne, ndipo wanamtafuta wakili. Hapo mlango wa fidia huwa umefungwa au umebaki upenyo. Malalamiko kwa RPC (kamanda wa polisi wa mkoa) au kwa Tume hayasimamishi ukomo wa muda hata kwa siku moja.

Sasa huo ukomo. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 3 kwa madai ya madhara ya kawaida: kupigwa, kuzuiliwa kinyume cha sheria, kushtakiwa kwa hila. Wengi wanaishia kusoma hapo. Lakini jedwali lilelile linaanza na kipengele cha mwaka 1 kwa madai ya fidia yanayotokana na jambo lililofanywa, au lililoachwa kufanywa, kwa kile kinachodaiwa kuwa ni utekelezaji wa sheria iliyoandikwa. Polisi anapokamata anasema anatekeleza sheria, kwa hiyo pingamizi la awali la kwanza utakalokutana nalo ni hilo. Unaweza kujibu kwamba kumpiga mtu nyayo hakuko kwenye sheria yoyote, na mimi naona hoja hiyo ni nzuri, ila kwa nini uiweke kesi nzima juu yake? Fanya kana kwamba una mwaka mmoja tu.

Kwenye mwaka huo toa notisi. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, kifungu cha 6, inataka notisi isiyopungua siku 90 kabla ya kufungua shauri, ikieleza msingi wa madai, na nakala iende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Mwaka ukitoa siku 90 inabaki miezi tisa. Notisi ikichelewa kupita mwezi wa nane unacheza na moto. Ukipita muda, mahakama yenyewe haina uwezo wa kukuongezea muda wa kufungua shauri la madai; uwezo huo anao Waziri wa sheria chini ya kifungu cha 44 cha Sheria ya Ukomo, na hawezi kuongeza zaidi ya nusu ya muda wa awali. Usiweke matumaini huko.

Notisi iandike kwa Kiswahili, kurasa mbili au tatu zinatosha: jina na anwani ya mdai, tarehe na saa ya kukamatwa, mahali, kituo, alichofanyiwa, lini aliachiwa, madhara, kiasi cha fidia kinachodaiwa, na sentensi inayosema wazi kwamba hii ni notisi ya siku 90 chini ya kifungu hicho. Ielekeze kwa Inspekta Jenerali wa Polisi, nakala Katibu Mkuu wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi pamoja na hao wawili niliowataja. Nyinyi wa Dodoma mna bahati, ofisi za Serikali mnazifikia kwa daladala wakati mwenzenu wa Kigoma anatuma kwa posta na kusubiri. Ipeleke kwa mkono. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na saini kwenye kila ofisi. Nakala isiyo na muhuri ni sawa na notisi ambayo haikutolewa.

Halafu hesabu siku 90 kamili kuanzia muhuri wa mwisho, si wa kwanza. Shauri lililofunguliwa siku ya 88 linaondolewa mahakamani, na ukirudi kulifungua upya unaweza kukuta mwaka umekwisha.

---

Tabibu_Veyula

Naongezea upande wa hospitali, kwa sababu wiki tatu ni nyingi kwa michubuko lakini si mwisho wa ushahidi.

Kuhusu PF3: si lazima itoke kituo kilekile. Kituo kingine cha polisi kinaweza kuitoa, au familia imwone OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, moja kwa moja. Ni fomu ya bure. Na mtu aliyeumia sana atibiwe kwanza, fomu ifuate. Daktari hazuiwi kumhudumia mgonjwa wa dharura kwa kukosa karatasi.

Sasa kijana aende hospitali ya Serikali, General au Benjamin Mkapa, akiwa na cheti alichoandikiwa zahanati. Amweleze daktari kwa utaratibu: alipigwa na nini, mara ngapi kwa kukadiria, sehemu gani, alikuwa amesimama au amefungwa, alijisikiaje siku tatu za kwanza. Kipigo cha nyayo huacha maumivu ya kutembea na uvimbe wa ndani hata ngozi ikionekana safi. Aeleze kama miguu inawaka usiku, kama anashindwa kukanyaga kisigino, kama kidole gumba hakikunji vizuri. Aliyepigwa makofi ya masikio apimwe usikivu. Waliopigwa mapaja sana waulizwe rangi ya mkojo wa siku zile. Mkojo wa rangi ya kola unaashiria misuli iliyosagika na figo kuelemewa, na huyo apimwe figo hata kama anajiona mzima.

Daktari asiandike tu "majeraha ya mwili". Mwombeni kwa heshima aandike ukubwa wa kila kovu kwa sentimita, mahali lilipo, rangi yake, na kama linaendana na maelezo ya mgonjwa. Hilo la kuendana na maelezo ndilo uti wa mgongo wa Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza mateso, na daktari aliyeusoma atakuelewa mara moja. Kama mtu halali, anashtuka, anaogopa kupita karibu na kituo, hilo nalo liandikwe. Ni madhara ya kweli, na mahakama huyazingatia inapopima fidia.

Picha: piga kwa mwanga wa mchana, rula au sarafu ikiwa pembeni ya kovu, moja ya karibu na moja inayoonyesha uso na kovu pamoja. Kama zipo picha za siku aliyotoka, hizo ni dhahabu. Ziache kwenye simu iliyozipiga. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp hupunguzwa ubora na hupoteza taarifa za siku na saa.

---

Zamu_ya_Usiku

Wengi hamjui kituo kinaandika nini, kwa hiyo mnaomba vitu vya jumla na kujibiwa kwa jumla.

Mahabusu akiingia, kuna kumbukumbu yake kwenye kitabu cha matukio, wenyewe wanaita OB, na kwenye rejista ya mahabusu: jina, saa ya kuingia, kosa, hali yake ya mwili, vitu alivyokuwa navyo, saa ya kutoka. Kuna namba ya jalada. Kuna askari wa zamu wa chumba cha mashtaka. Kwenye barua yako kwa OCD au RPC usiandike "tunaomba haki itendeke". Andika: tunaomba kufahamishwa namba ya jalada, kosa alilotuhumiwa, saa aliyoandikwa kuingia na kutoka, na jina la mpelelezi. Ukijibiwa, umepata ushahidi. Usipojibiwa, nakala yenye muhuri inaonyesha uliuliza.

Majina ya askari msiyababaikie. Askari ana namba yake, herufi ikifuatiwa na tarakimu, na gari la polisi lina namba inayoanza na PT. Kijana akikumbuka hata nusu ya namba, au jina ambalo wenzake walikuwa wakimwita, andikeni leo. Bora zaidi, tafuteni mahabusu waliokuwa naye chumba kimoja na aliyekuwa akimletea chakula. Hao ndio waliomwona akiingia anatembea na akitoka anachechemea. Chukueni majina na namba za simu kabla hawajasambaa. Wengine ni wapitaji, kesho yuko Manyoni au Kibaigwa hapatikani.

Ngazi ya malalamiko: mkuu wa kituo, OCD, RPC, kisha Makao Makuu. Kama mkuu wa kituo mwenyewe anahusika, mrukeni. Upelelezi wa jinai dhidi ya askari uombwe kwa RCO (mkuu wa upelelezi wa mkoa), si kwa mpelelezi wa kituo husika, na nakala iende Ofisi ya Taifa ya Mashtaka mkoani. Nakala hiyo ndiyo inayofanya jalada lisilale.

Na jambo moja la kinidhamu: askari akikutwa na hatia kwenye mashtaka ya kijeshi anaweza kufukuzwa kazi, ndipo anafikishwa mahakama ya kiraia. Familia zikisikia "amefukuzwa" zinadhani yameisha. Kufukuzwa ni adhabu ya mwajiri. Hakumpi mteja wako shilingi, na jinai bado ipo.

---

Pingamizi_la_Awali

Wakili_Nkuhungu kaeleza vizuri, ila nitabishana naye mahali pamoja. Kwenye fidia, hatari kubwa kuliko ukomo ni kumshtaki mtu asiye sahihi.

Kuna mtindo wa watu kumfungulia askari mmoja shauri la madai kwenye mahakama ya wilaya, kwa jina lake, wakidhani wameikwepa notisi ya siku 90. Kama alikuwa kazini, utetezi wake ni mmoja: nilikuwa natekeleza majukumu ya mwajiri wangu. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe kama mdaiwa muhimu kwenye shauri dhidi ya Serikali, na sheria inasema wazi kwamba kutomuunganisha kunaubatilisha mwenendo mzima. Na shauri dhidi ya Serikali linafunguliwa Mahakama Kuu, masjala ya eneo tukio lilipotokea. Kwa hiyo wadaiwa ni Inspekta Jenerali wa Polisi na Mwanasheria Mkuu, kisha askari mmojammoja ukiwafahamu. Usiandike "Kituo cha Polisi fulani" kama mdaiwa. Kituo ni jengo.

Hakikisha pia waliomkamata walikuwa polisi kweli. Mjini hapa kuna mgambo wa Jiji, kuna walinzi wa makampuni, kuna ulinzi shirikishi wa mtaa. Akiwa ni mgambo wa halmashauri, mdaiwa ni Halmashauri, na notisi ya siku 90 na Mwanasheria Mkuu vinahusika vilevile. Akiwa mlinzi wa kampuni, hadithi ni nyingine kabisa.

Pili, kuna vijana wa mitandaoni wanaoshauri kila kitu kiende kwa shauri la kikatiba. Ibara ya 13(6)(e) inakataza kumtesa mtu, Ibara ya 15 inalinda uhuru wake, Ibara ya 30(3) inampa haki ya kwenda Mahakama Kuu. Kweli kabisa. Lakini Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, Sura ya 3, inaitaka mahakama isitumie mamlaka hayo pale ambapo kuna nafuu nyingine ya kutosha, na marekebisho ya mwaka 2020 yakaongeza kwamba lazima uwe umemaliza njia nyingine kwanza na uonyeshe kwa kiapo namna ulivyoathirika wewe binafsi. Shauri lenyewe husikilizwa na majaji watatu. Kijana aliyepigwa ana nafuu ya kutosha: madai ya fidia. Shauri la kikatiba ni la mtu anayepinga sheria yenyewe.

Tatu, fidia. Hasara halisi lazima itajwe kwa kiasi na ithibitishwe kwa risiti: dawa, vipimo, nauli. Ile ya jumla, ya maumivu na kudhalilishwa, mahakama inaipima yenyewe. Watu wanaandika milioni 500 bila risiti hata moja, jaji anabaki na shaka juu ya mengine yote. Kipato cha bodaboda kithibitishwe kwa mkataba wake na mwenye pikipiki na daftari la hesabu. Na ukishinda, usitegemee kutuma dalali akamate gari la polisi. Mali za Serikali hazikamatwi; unapata hati ya mahakama inayopelekwa kwa malipo, na malipo hayana haraka.

Kuhusu kufungua: Mahakama Kuu inapokea kwa mfumo wa kielektroniki. Ukipandisha hati ya madai, lipa ada siku hiyohiyo kwa namba ya malipo uliyopewa. Kuna mabishano yasiyoisha kama tarehe ya kufungua ni ya kupandisha au ya kulipa, na wewe huna sababu ya kuwa mfano wa mabishano hayo.

---

Msaidizi_Buigiri

Asanteni sana, wakuu. Yamebaki manne. Zile karatasi alizosaini akipigwa zina nguvu gani? Tume tunaiingiza lini? Kuna anayesema tuende mahakama za Arusha, je, inafaa? Na pikipiki, maana mwenye pikipiki anaidai kila siku.

---

Wakili_Nkuhungu

Pingamizi_la_Awali yuko sahihi juu ya wadaiwa, nakubali. Kwenye kumtaja askari kwa jina bado naona kuna faida, maana ndiye atakayelazimika kuja kujibu kwa kiapo.

Karatasi alizosaini huenda ni maelezo ya onyo, yaani maelezo ya mtuhumiwa yanayoandikwa na polisi. Zitakuwa na maana tu akifikishwa mahakamani, na msishangae akifikishwa. Notisi ikipokelewa, wakati mwingine jalada lililolala linaamka ghafla. Familia ijue hilo kabla ya kutuma.

Akishtakiwa, asikae kimya maelezo hayo yanapotolewa. Yapingwe palepale, kabla hayajapokelewa kuwa kielelezo. Upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha kwamba yalitolewa kwa hiari, na mahakama lazima isimamishe kesi kuu kwanza ichunguze hilo. Cheti cha hospitali mnachokitafuta sasa ndicho kitafanya kazi siku hiyo. Angalieni pia saa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kifungu cha 50, inatoa saa 4 za msingi za kumhoji mtu tangu awekwe chini ya ulinzi. Kifungu cha 51 kinaruhusu kuongeza hadi saa 8, na zaidi ya hapo ni kwa ruhusa ya hakimu. Muda wa safari kwenda kituoni na muda wa kuwasiliana na wakili hauhesabiwi. Mahakama ya Rufani imeyatupa maelezo mengi yaliyoandikwa nje ya muda huo bila maelezo ya kuridhisha. Aliyekamatwa Jumanne jioni akaandikwa Alhamisi, hapo pana tatizo kwao.

Kuhusu kukaa siku nne: kifungu cha 32 kinataka mtu aliyekamatwa bila hati, kama hawezi kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, apewe dhamana, isipokuwa kosa lionekane ni zito. Makosa ya adhabu ya kifo yana utaratibu wake. Watajaribu kuuingiza wizi wa simu kwenye "zito". Ni kazi ngumu. Kifungu cha 55 kinataka mtu aliye chini ya ulinzi atendewe kwa utu, na cha 54 kinampa haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. (Namba hizi ni za toleo la 2022. Toleo la 2023 lilianza kutumika 1 Julai 2025 na vifungu vya baadhi ya sheria vimesogea, kwa hiyo mwenye kuandika notisi afungue toleo jipya kwanza.)

Akishtakiwa na kuachiwa huru, anapata dai jipya la mashtaka ya hila. Hilo lina mambo matano ya kuthibitisha: alishtakiwa na mdaiwa, kesi iliisha kwa upande wake, hapakuwa na sababu ya msingi ya kumshtaki, palikuwa na nia ovu, na alipata madhara. Nia ovu ndiyo inayowaangusha wengi. Polisi kukosea haitoshi.

Ripoti ya Jumatatu asiikose hata moja. Akikosa wanapata sababu halali ya kumkamata. Kila akienda aandikishe, na aende na mdhamini wake. Baada ya wiki chache aandike barua kuomba ama apelekwe mahakamani ama aondolewe masharti ya dhamana.

Tume iende sasa, kabla ya shauri lolote kufunguliwa, kwa sababu Tume haichunguzi jambo lililo mbele ya mahakama. Makao makuu yake yako hapahapa Dodoma, malalamiko hayalipiwi, na anayeshindwa kuandika anasikilizwa kwa mdomo na kuandikiwa. Faida yake kubwa kwenu ni kwamba ina mamlaka ya kuita watu na nyaraka, yakiwemo yale madaftari aliyoyataja Zamu_ya_Usiku. Mwisho wake inatoa mapendekezo, haitoi hukumu. Kwa hiyo Tume ni chombo cha kukusanya ushahidi na kusukuma, huku siku za notisi zinahesabika.

Arusha: Tanzania iliondoa mwaka 2019 tamko lililoruhusu watu binafsi kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, na likakoma rasmi Novemba 2020. Mahakama ya Afrika Mashariki bado iko wazi, ila ina ukomo wa miezi 2 tangu tukio, na inashughulika na nchi kuvunja Mkataba wa Jumuiya. Kwa kesi ya kipigo cha kijana mmoja, nguvu zenu zibaki hapa nyumbani.

Jinai isisahaulike. Tanzania haina kosa linaloitwa "utesaji" kwenye Kanuni ya Adhabu, na haijaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Utesaji. Mashtaka hufunguliwa kwa makosa ya kawaida: shambulio la kudhuru mwili, kifungu cha 241, kifungo cha hadi miaka 5, au madhara makubwa, kifungu cha 225, hadi miaka 7. Tofauti kati ya hayo mawili mara nyingi ni jinsi daktari alivyoandika. Na hukumu dhidi ya askari zipo. Aliyemuua mwandishi Daudi Mwangosi kule Nyololo, Iringa, mwaka 2012, alihukumiwa miaka 15 mwaka 2016. Ilichukua karibu miaka minne, na picha zilizopigwa palepale zilikuwa na uzito wake.

---

Mama_Makulu

Naomba niulize na mimi, wakili. Na kama mtu bado yuko ndani na kituo kinakana kuwa naye?

---

Wakili_Nkuhungu

Dada yangu, hapo hakuna kusubiri siku 90. Ni ombi la habeas corpus, yaani amri ya kumleta mahakamani mtu aliyezuiliwa, Mahakama Kuu, kifungu cha 390 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kwa hati ya dharura. Ndugu anaapa kiapo akitaja: lini na wapi alichukuliwa, nani waliona, gari gani, vituo gani wameulizia na tarehe zake, na nani aliwajibu nini. Kiapo kinachosema "tumemtafuta kila mahali" ni dhaifu. Kinachosema "tarehe fulani saa 4 asubuhi tuliulizia kituo fulani, askari wa kaunta akasema hayupo" kinambana mtu. Mara nyingi kabla ya siku ya kusikilizwa mhusika anaonekana au anafikishwa mahakamani, na ombi linafutwa kwa kuwa limepitwa na wakati. Lengo lako ni mtu wako apatikane, kwa hiyo usijali likifutwa. Akiwa amefia mahabusu, Mungu aepushe, dai uchunguzi wa kifo chini ya Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, na msizike kabla mwili haujapasuliwa, daktari wa familia akiwepo ikiwezekana.

---

Pingamizi_la_Awali

Pikipiki. Sheria inataka mali ikichukuliwa kwenye upekuzi itolewe risiti yenye saini ya mwenye mali na mashahidi. Hapa hakuna risiti, na hilo peke yake litajwe kwenye barua.

Barua aandike mwenye pikipiki, si dereva. Ndiye mwenye kadi, na yeye hatuhumiwi. Aambatanishe nakala ya kadi, bima na mkataba wa dereva. Kwa OCD, nakala RPC, aombe mambo mawili: pikipiki imeshikiliwa kama kielelezo cha jalada namba ngapi, na kama si kielelezo, irudishwe. Awape siku 7. Tuhuma ni ya simu, kwa hiyo watapata tabu kueleza pikipiki inathibitisha nini, labda wadai ilitumika kutorokea.

Wakikaa kimya au wakikataa kwa maandishi, mwenye pikipiki anaweza kuomba Mahakama Kuu amri ya kuwalazimisha, lakini lazima kwanza aombe kibali, na kibali kinaombwa ndani ya miezi 6 tangu uamuzi anaoulalamikia. Akikipata ana siku 14 kuleta ombi lenyewe. Kwa pikipiki moja, gharama ya wakili inaweza kukaribia bei ya chombo. Kwa hiyo barua mbili nzuri kwanza.

Wakiombwa "hela ya kutunzia" au "ya mafuta" ili waitoe, hiyo ni rushwa, TAKUKURU 113, simu ni ya bure. Wapige kabla ya kutoa, si baada. Na wasiirekodi na kuirusha mtandaoni. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, ina faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3 kwa anayechapisha taarifa za uongo, na mkiwa bado hamjathibitisha kitu msiwape mwanya huo. Ujumbe wa yule askari anayetaka yaishe utunzwe kwenye simu uliyoingia, bila kufutwa, bila kujibiwa kwa hasira. Ni ushahidi mzuri kuliko mnavyofikiri: asiye na la kuficha hatoi pesa za matibabu.

Siku ya kuchukua pikipiki, nenda na fundi. Kagua namba ya chesisi na injini, betri, vioo, taa, usukani, kiwango cha mafuta, na kilomita kwenye dashibodi. Piga picha ikiwa bado ndani ya uzio. Chochote kilichopungua kiandikwe kwenye karatasi ya makabidhiano kabla ya kusaini, na kama hawataki kiandikwe, mwenye pikipiki aandike kwa mkono wake pembeni ya saini: "nimepokea bila betri", au chochote kilichokosekana.

---

Msaidizi_Buigiri

Nimeelewa. Kesho asubuhi hospitali, mchana barua ya mwenye pikipiki, Jumatatu naambatana naye kuripoti. Notisi nitaiandaa na wakili wa msaada wa kisheria wiki hii hii. Mama nimemsomea majibu yenu, karatasi hajasaini.

---

Zamu_ya_Usiku

Ukienda Jumatatu vaa kitambulisho chako cha msaidizi wa kisheria na ujitambulishe kaunta kwa jina na namba ya usajili. Omba uandikwe kwenye OB kwamba umefika naye, na uondoke na namba ya hiyo kumbukumbu.